Tundu Katikati ya Neno

Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba niliingia katika duka la vitabu vikuukuu, katika mji wa Uholanzi ninakoishi, nikitafuta kamusi. Muuzaji, mzee mmoja mwenye sauti ya chini, alikuwa ametandaza kitambaa cheusi mezani, na juu ya kitambaa hicho palikuwa na ukurasa mmoja tu wa kitabu. Aliniona nimesimama. Akanielekeza penye sinki, akaniambia ninawe mikono na kuikausha vizuri, kisha akaniwekea ukurasa ule kiganjani.

Ulikuwa mdogo kuliko kiganja chenyewe, nao ulikuwa wa ngozi.

Ulikuwa na mistari 14 ya Kilatini kila upande, herufi nyeusi zilizosimama wima na kubanana kama fito za ua, na katikati ya upande wa kwanza palikuwa na herufi D ya dhahabu iliyozungukwa na rangi ya buluu na waridi. Kilatini changu ni kidogo, lakini maneno yaliyofuata herufi ile niliyatambua papo hapo: De profundis clamavi. Ni Zaburi ya 130, "Toka vilindini", ambayo marehemu mama yangu aliihifadhi kichwani na kuiongoza katika kila msiba wa jumuiya yetu. Nikaendelea kusoma polepole hadi mahali ambapo mwenye kusali anamwomba Bwana aisikie sauti yake. Hapo mnakili aliandika "exau", halafu pakawa na tundu lenye ukubwa wa punje ya mahindi lililopenya hadi upande wa pili, halafu ng'ambo ya tundu akamalizia: "di".

Exaudi. Usikie.

Bei ilikuwa sawa na kodi yangu ya nyumba ya mwezi mmoja. Nilimwambia mzee kwamba nitafikiri, nikarudi nyumbani bila kamusi. Wiki sita zilipita, na kila nilipojaribu kushika shughuli nyingine, tundu lile lilinirudia.

Mwamba ngoma

Mwanzoni nilidhani ni uharibifu wa miaka: panya, mende, au cheche ya mshumaa. Lakini tundu lililokuja baada ya maandishi lingekula herufi, na hapa hakuna herufi hata moja iliyoliwa. Mnakili alilikuta tundu likimngojea.

Jambo hilo nilipaswa kulielewa mapema, kwa sababu nimekulia karibu na ngozi. Mjomba wangu kule Bagamoyo alikuwa akiwamba ngoma, na sisi watoto ndio tuliokuwa tukimwagia maji ngozi za mbuzi zilizolowekwa, tukiziba pua. Alitufundisha kuikagua ngozi mbichi kwa kuinyanyua kuelekea jua, kwa sababu kovu dogo la kisu cha mchunaji, au hata alama ya kupe, ambalo huwezi kuliona ngozi ikiwa imelegea, hufunguka likawa duara au umbo la yai mara tu ngozi inapovutwa kwa nguvu pande zote. Ngozi ya namna hiyo aliitupa kando. Ngoma yenye tundu hailii.

Watengenezaji wa ngozi za kuandikia wa Ulaya ya kale walifanya kazi inayofanana na ya mjomba kwa hatua nyingi. Waliloweka ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi katika maji ya chokaa kwa siku kadhaa hadi manyoya yalegee, wakayakwangua, kisha wakaiwamba katika fremu ya mbao. Hawakuitoboa kwa misumari ukingoni, kwa kuwa ingechanika; walifunga kijiwe kidogo ndani ya pindo la ngozi, wakakizungushia kamba, na kamba hiyo wakaikaza kwa kigingi, siku baada ya siku, huku wakiikwangua kwa kisu chenye umbo la mwezi mwandamo. Ngozi hiyo haikutiwa dawa za kiwanda cha viatu. Ilikauka ikiwa bado imevutwa, na ndiyo maana ukurasa wa miaka 550 hunyooka mkononi na kutoa mlio mkavu unapougeuza.

Nilipoupapasa ukurasa ule dukani, upande mmoja ulikuwa wa manjano kidogo, na nikiuinamisha kwenye mwanga niliona vitone vidogo mno vilivyopangana: vishimo vya manyoya ya mnyama. Upande wa pili, uliokuwa umegusana na nyama, ulikuwa mweupe na laini zaidi. Mafundi walipanga kurasa hizo za ngozi ili kitabu kinapofunuliwa upande wa manyoya utazamane na wa manyoya, na wa nyama na wa nyama, msomaji asikwazwe na tofauti ya rangi. Watu waliojali kiasi hicho wasingeshindwa kuliona tundu. Waliliona, na wakauacha ukurasa uingie kitabuni.

Vidole vitatu

Nilitaka sana kuamini kwamba mnakili alisita penye tundu lile, akainua kalamu, akatafakari maana ya kugawanya neno "usikie" vipande viwili. Kwa siku kadhaa niliishi na picha hiyo: mtawa mzee, mshumaa, theluji nje.

Picha hiyo si ya kweli, na ilinichukua muda kuiachia.

Vitabu vya sala za vipindi, ambavyo ukurasa huu umetoka humo, vilikuwa vitabu vya walei. Watawa na mapadre walikuwa na vitabu vyao vikubwa vya masifu. Hivi vidogo vilitengenezwa kwa ajili ya mke wa mfanyabiashara, mwanasheria, binti anayeolewa, mtu aliyetaka kusali Masifu ya Bikira Maria katika vipindi vinane vya siku kama watawa walivyofanya, lakini nyumbani kwake. Na kwa sehemu kubwa vilitengenezwa na walei pia. Pale Oxford, yapata mwaka 1240, mmoja wa watengenezaji wa mwanzo kabisa wa vitabu hivyo nchini Uingereza, William de Brailes, aliishi na kufanya kazi katika mtaa wa Catte, jirani na wauza ngozi na wafunga vitabu, na alikuwa na mke aliyeitwa Celena. Kule Paris mafundi wa nakshi walijazana katika mtaa mmoja, na wauza vitabu walikaa mbele ya kanisa kuu la Notre-Dame. Mteja alikwenda kwa muuza vitabu, naye akagawa kazi: kurasa kwa mnakili, nafasi za herufi kubwa kwa fundi wa dhahabu, pambizo kwa mchora maua, na picha kubwa kwa mchoraji mwenye jina. Mnakili aliacha nafasi tupu na kuandika ndani yake herufi ndogo mno ya kumwelekeza mwenzake, ambayo rangi ingekuja kuifunika.

Kwa hiyo mnakili wangu, yumkini, alikuwa mtu wa kibarua mwenye watoto wa kulisha, aliyelipwa kwa kazi iliyokamilika. Mkono wa kulia ulishika unyoya wa bata bukini na wa kushoto ulishika kisu, kwa ajili ya kuchonga unyoya, kukwangua makosa, na kuikandamiza ngozi isinyanyuke. Wino wake ulitoka kwenye vivimbe ambavyo nyigu wadogo huvisababisha katika mti wa mwaloni, vikasagwa, vikachanganywa na salfeti ya chuma na utomvu wa mgunga, ule utomvu unaovunwa hadi leo Sudan. Wino huo huandika ukiwa wa kijivu hafifu, kisha huwa mweusi unapokutana na hewa na kuing'ata ngozi kabisa. Wanakili wengine waliandika mwishoni mwa vitabu vyao kwamba vidole vitatu ndivyo vinavyoandika, lakini mwili mzima ndio unaotaabika.

Nadhani alilirukia tundu kama mimi ninavyoruka dimbwi njiani nikienda kazini.

Wazo hilo lilinisikitisha kwa siku mbili tatu, kisha likanituliza. Tundu halikuwa limemwambia chochote. Lakini sala ilivuka, kwa sababu alikuwa fundi na kazi yake ilikuwa kuivusha.

Dhahabu kwanza

Ile herufi D inahitaji kuelezwa vizuri, kwa kuwa picha za mtandaoni haziwezi kuionyesha. Kamera huigeuza dhahabu kuwa rangi ya haradali. Ukiishika mkononi, inawaka na kuzimika kadiri unavyosogeza kiganja, na ukiitazama kwa pembeni utaona kwamba imeinuka juu ya ngozi kama tone la maji lililogoma kutawanyika.

Muinuko huo ni rojo la jasi, gundi na sukari kidogo, ambalo mara nyingi lilitiwa udongo mwekundu ili fundi alione na ili dhahabu ipate joto la rangi. Fundi alilipaka kwa unyoya likiwa zito, akaliacha likauke, akalilainisha kwa kulikwangua. Kisha akainama karibu kabisa na ukurasa, akalipulizia pumzi yake yenye joto. Unyevu wa pumzi uliirudishia gundi unato wake kwa muda mfupi sana, na katika muda huo alitakiwa kulaza juu yake dhahabu iliyofuliwa hadi ikawa nyembamba kiasi cha kupeperushwa na pumzi ileile. Akaikandamiza kwa kitambaa cha hariri. Mwisho akaisugua kwa jino la mbwa lililofungwa kwenye mpini, hadi iwe kama kioo.

Dhahabu ilitangulia rangi zote, kwa sababu vipande vyake hunata popote penye unyevu na kusuguliwa kwake kungeharibu picha iliyokwisha kuchorwa. Utaratibu huo tunauona wazi katika vitabu vilivyoishia njiani, ambavyo kwangu mimi vinafundisha kuliko vilivyokamilika: dhahabu inang'aa kuzunguka watu ambao bado ni michoro mitupu ya wino, wasio na nyuso.

Kwenye D yangu (nimeanza kuiita yangu, na hilo nalo lilinitia wasiwasi) dhahabu imebanduka kidogo upande wa kushoto, na udongo mwekundu unachungulia. Nilikaa nikitazama palipobanduka nikiwaza kwamba jasi ile ilipokea pumzi ya mtu aliyekufa karne tano zilizopita.

Buluu kwenye meno

Buluu iliyoizunguka D sijui kama ni ile ya bei au ile ya kawaida, na mzee muuzaji hakutaka kunidanganya. Ile ya kawaida ilitokana na madini ya shaba. Ile ya bei ilitoka mbali sana, katika machimbo ya Badakhshan, Afghanistan ya leo, ambako jiwe la lapisi lazuli lilichimbwa, likasafirishwa kwa misafara na majahazi hadi Venice. Kulisaga peke yake hakutoshi, kwa kuwa hutoa unga wa kijivu. Unga huo ulikandwa na nta, utomvu wa msonobari na mafuta hadi ukawa donge, na donge hilo likakandwa tena ndani ya maji ya majivu kwa muda mrefu, hadi chembe za buluu safi zikashuka chini ya bakuli na uchafu ukabaki katika donge.

Mwaka 2019 watafiti walichapisha taarifa kuhusu mwanamke aliyezikwa Dalheim, Ujerumani, penye jumuiya ya wanawake watawa. Alifariki kati ya karne ya 10 na ya 12, akiwa na umri wa miaka 45 hadi 60, na mifupa yake haikuonyesha dalili za kazi nzito. Walichukua ugaga wa meno yake kwa nia ya kujifunza alikula nini. Walipouyeyusha chini ya hadubini wakakuta chembe za buluu, zaidi ya mia moja, zilizotawanyika katika tabaka za ugaga kana kwamba ziliingia mdomoni kidogokidogo kwa miaka. Zilikuwa lapisi lazuli. Maelezo ambayo watafiti waliyaona kuwa na uzito zaidi ni kwamba alikuwa mchoraji, na kwamba alikuwa akichonga ncha ya brashi yake kwa midomo.

Niliisoma taarifa hiyo usiku, na nikarudia kuisoma.

Jumuiya yake iliteketea kwa moto katika karne ya 14. Jina lake halimo popote. Aliishi kabla ya vitabu vya sala za vipindi kuenea, hivyo hawezi kuwa ameugusa ukurasa wangu kwa namna yoyote. Lakini ndiye aliyemfukuza kabisa yule mtawa mzee wa mshumaa na theluji niliyekuwa nimejitungia. Nilikuwa nimemchora mwanamume bila hata kujiuliza.

Mtawala na baridi ya Februari

Hapa kuna jambo linaloniuma, nami sitalizunguka. Kitabu maarufu kuliko vyote vya aina hii kipo katika kasri la Chantilly, Ufaransa. Kilichorwa na ndugu watatu kutoka Nijmegen, Paul, Herman na Jean wa Limbourg, kwa ajili ya Jean, mtawala wa Berry. Katika ukurasa wake wa Februari wakulima wanaota moto wakiwa wamepandisha nguo, nje kondoo wamebanana, na mtu mmoja anavuka ua akiwa amejifunika shuka hadi puani. Ni picha ya ajabu kwa uzuri. Mtawala aliyeilipia ndiye aliyewatoza watu wa Languedoc kodi zilizochochea uasi, hata mfalme akamwondoa katika usimamizi wa jimbo hilo mwaka 1389.

Mwamba ngoma huivutia ngozi kwake. Methali hiyo mjomba aliirudia akicheka. Mimi nilipokuwa nikiitazama Februari niliisikia bila kicheko.

Mwaka 1416 mtawala alifariki, na ndugu wote watatu wakafariki mwaka huohuo. Kitabu kilibaki kurasa zisizofungwa, na hakikukamilishwa hadi miaka ya 1480, na mchoraji mwingine, Jean Colombe, kwa ajili ya tajiri mwingine.

Uchafu wa vidole

Pembe ya chini ya ukurasa wangu, upande wa nje, ni nyeusi-nyeusi. Nilimwuliza mzee kama yaweza kusafishwa. Akashtuka kana kwamba nimemwambia aufue.

Baadaye nilielewa. Mwaka 2010 mtafiti Kathryn Rudy, wa Chuo Kikuu cha St Andrews, alipima weusi wa pambizo za vitabu vya sala kwa kifaa kiitwacho densitomita, ili ajue wenye navyo walishika kurasa zipi zaidi. Sala kwa Mtakatifu Sebastiani, aliyeombwa dhidi ya tauni, zilikuwa chafu sana. Palikuwa pia na sala za usiku wa manane ambazo kurasa zake za mwanzo zimechakaa na zinazofuata ni safi, kwa kuwa msomaji alisinzia mahali palepale, usiku baada ya usiku.

Hapa Uholanzi wasomaji hao wengi walisali kwa lugha yao. Geert Grote wa Deventer, aliyefariki mwaka 1384, aliwatafsiria sala hizo kwa Kiholanzi cha wakati huo, na vitabu vingi vya eneo hili vikafuata maneno yake badala ya Kilatini. Nililisoma hilo kwa wivu na furaha, nikimkumbuka mama na "Toka vilindini" yake, ambayo haikuhitaji kupita kwa lugha ya mtu mwingine ili ifike.

Aliyekuwa na ukurasa wangu alisali Kilatini, lakini aliusali. Zaburi hii ni miongoni mwa zaburi saba za toba, na ilisomwa pia katika masifu ya marehemu. Weusi ule wa pembeni unaelekea kuwa ni wa mtu aliyekuwa akifiwa.

Kisu

Kwa nini basi ukurasa uko peke yake?

Upande wa ndani ukingo wake umenyooka mno. Haukuchanika, umekatwa. Kazi hiyo ina historia ndefu na watu wenye heshima zao. John Ruskin, mhakiki mkubwa wa sanaa wa Uingereza, aliandika katika shajara yake mwaka 1854 kwamba jioni ile alikuwa amekatakata kitabu cha misale, yaani cha sala za misa, na kwamba ilikuwa kazi ngumu. Kule Marekani, Otto Ege, mwalimu wa sanaa wa Cleveland aliyefariki mwaka 1951, alivunja vitabu vingi vya kale na kuuza kurasa mojamoja. Hakuona haya. Hoja yake ilikuwa kwamba kitabu kizima kinaweza kumilikiwa na tajiri mmoja, ilhali kurasa zake zinaweza kufika katika shule na maktaba ndogo mia.

Hoja hiyo ilinishika koo, kwa sababu mimi ndiye mtu ambaye Ege alikuwa akimsemea. Mimi si mtawala wa Berry. Bila kisu, nisingeishika sala ya mama yangu ikiwa kwenye ngozi na dhahabu. Nilikaa na hoja hiyo kwa wiki mbili nzima, nikafika hadi kuhesabu akiba yangu.

Kilichonigeuza ni Misale ya Beauvais, ambayo Ege na mwenzake waliivunja mwaka 1942. Ilikuwa na kurasa 309. Mtaalamu Lisa Fagin Davis amekuwa akizitafuta kwa miaka, nchi kwa nchi, na amezipata zaidi ya mia moja, akiziunganisha tena kwa picha kwenye kompyuta. Niliposoma jinsi anavyozitambua, kwa idadi ya mistari, kwa mwendo wa maneno kutoka ukurasa hadi ukurasa, niliona kwamba ukurasa wangu nao unatafutwa na wenzake, hata kama hakuna mtu aliyeanza kazi hiyo. Ningeuweka ukutani kwangu, ungetulia, na msururu ungekatika hapo. Kisha nikawaza: nikilipa, ninamlipa nani? Aliyekata amekwisha kufa. Lakini kitabu kingine kizima kiko mnadani mahali fulani, na mwenye kisu anapiga hesabu kwa kutazama bei ambazo watu kama mimi wanakubali.

Sina hakika kwamba nimeamua sawasawa. Ukurasa utanunuliwa na mtu, na huenda asijue hata zaburi ni ipi.

Jumamosi iliyopita

Nilirudi dukani. Ulikuwa bado upo. Nilimweleza mzee kwamba sitaununua, nikamwomba ruhusa ya kuupiga picha pande zote mbili pamoja na rula, ili vipimo vyake na maneno yake ya kwanza na ya mwisho yajulikane kwa atakayekuja kuwatafuta wenzake. Alifikiri kidogo, kisha akaenda mwenyewe kuleta taa.

Nilinawa mikono. Nikaupiga picha upande wa D. Nikaugeuza, na kwa mara ya kwanza nikausoma upande wa pili hadi mwisho. Zaburi inaendelea, nafsi inamngoja Bwana, na katika mstari wa 14 nafasi ilimwishia mnakili kabla ya neno kuisha: "A custodia matu-".

Matutina. Ni kesha la asubuhi, pale walinzi wanapoingojea. Ile "-tina" imo juu kabisa ya ukurasa uliofuata, nao uko katika nyumba ya mtu mwingine.

Mzee aliniuliza kwa nini nimenyamaza. Nikamalizia zaburi iliyobaki kwa Kiswahili, kwa sauti, kama mama alivyokuwa akiimalizia, naye akaishika taa bila kuitikisa hadi nilipofika mwisho.